Maisha ya Wenceslaus Luambano na Mfupa Ambao Haukuwepo

"Huyu mbwa amechanjwa?"

Niliuliza swali hilo siku ya Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, majira ya saa nane mchana, tukiwa mezani nyumbani kwetu hapa Mabwerebwere, na waliolisikia walikuwa baba, mama, mjomba na kaka yangu, watu wazima wanne, kila mmoja na sahani yake mbele, na hakuna aliyenijibu.

Padre wetu, wazee wangu, shikamooni. Ndugu, majirani na marafiki mliotoka Kimamba, Mikumi, Kisanga na hapa mjini kuja kutusitiri, poleni na asanteni. Naitwa Imani, mtoto wa mwisho wa marehemu, na ni mimi niliyepewa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu. Karatasi ya kwanza aliiandika kaka Oswald, ukurasa mmoja na nusu, safi, wenye tarehe zote, na alipofika kwenye ugonjwa akaandika kwamba baba amefariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Nilikataa kuisoma hivyo. Oswald akaniambia, "Imani, hapa ni msibani, siyo kwenye midahalo yenu ya chuo," na kwa hilo ana haki, lakini mama aliisikiliza ile karatasi mpaka mwisho, akasema, "Mwacheni aseme kilichomuua mume wangu." Basi nimeiandika upya, na tarehe za Oswald nimezibakiza zote.

Sababu naisema mapema, ili asiwepo wa kujiuliza ninaelekea wapi. Baba yetu ameuawa na kichaa cha mbwa. Siku ile alipoingiza vidole kwenye mdomo wa mbwa mgonjwa, kulikuwa na mikono mingine miwili kwenye mdomo huohuo, mikono ya mjomba Kasiani, kaka yake mama, ambaye yuko hapa, amekaa mstari wa pili upande wa wanaume, mzima, na mpaka asubuhi ya leo hajakubali kuchomwa sindano. Kabla ya kulitamka hapa nimelitamka mbele yake faraghani mara tatu. Mjomba, shikamoo, na unisamehe.

Marehemu Wenceslaus Thadeo Luambano alizaliwa tarehe 14 Februari 1961 katika kambi ya mkonge huko Kimamba, wilayani Kilosa, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa mzee Thadeo Luambano na bibi Kristina, ambao wote wawili wametangulia. Babu yake aliletwa kutoka Songea kwa mkataba wa kukata mkonge, mkataba ukaisha, yeye akabaki, na ndiyo maana sisi ni Wangoni ambao Songea tunaijua kwa harusi na misiba tu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1969 hapohapo Kimamba, akamaliza la saba mwaka 1975, na alikuwa akituambia bila aibu kwamba viboko vingi alivyokula shuleni vilikuwa vya uchelewaji, kwa sababu njia ya shule ilipita katikati ya mkonge, na kwenye mkonge kulikuwa na kwale, na kwale akilia asubuhi yeye miguu ilimpeleka kule, akinyata na manati yake shingoni, na katika miaka saba yote hakuwahi kumpata hata mmoja. Baadaye, kuanzia mwaka 1977 hadi 1979, alisomea ufundi wa vyuma mjini Morogoro.

Mwaka 1980 aliajiriwa katika shirika la reli, kwenye kikosi cha kutengeneza njia, akahudumu miaka ishirini na saba kwenye kipande cha Kilosa kwenda Kidete, na wenzake mliopo hapa mnajua maana yake, kwamba kila mto Mkondoa ulipofurika na kubeba tuta, nyinyi na yeye mlikuwa mnarudishia udongo uleule ambao mto ungeubeba tena mwakani. Alipunguzwa kazi mwaka 2007. Mwaka 2008 alihamia Mikumi, akafungua kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara kuu, ng'ambo ya nyumba za wageni, na kwa miaka kumi na miwili madereva wa malori ya Zambia na Kongo walimjua kwa jina moja tu, Mzee Viraka, hadi mwaka 2020 magoti yalipomkatalia kuchuchumaa, akarudi nyumbani.

Tarehe 12 Oktoba 1991 alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Gaudiosa, katika parokia ya hapa Kilosa, na Mungu angependa, Jumapili hii inayokuja wangetimiza miaka thelathini na minne. Walijaliwa watoto watatu, Oswald aliyezaliwa mwaka 1993, Lea aliyezaliwa mwaka 1997, na mimi niliyezaliwa mwaka 2003, pamoja na wajukuu wanne.

Hapo ndipo karatasi ya Oswald ilipotoka kwenye watoto ikaenda moja kwa moja kwenye ugonjwa, kwa sababu historia za marehemu hazina mahali pa kuandika mambo ambayo mtu aliyapenda. Mimi nimepaweka.

Baba aliporudi kutoka Mikumi alikuwa kama mashine iliyozimwa. Alikuwa na ekari tatu Kisanga, za karanga na mahindi, akawa anakwenda Jumatatu na kurudi Ijumaa, haongei, akiulizwa habari za shamba anasema lipo. Kilichomwamsha ni kanga. Msimu wa mwaka juzi walifukua mbegu yake mara mbili, kundi zima, wakitembea kwenye matuta kama wakaguzi, na alipopanda mara ya tatu akasema kwa sauti, na mama anasema hiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote mwaka ule, "Hawa sasa nawapandia wao, mimi nimekuwa kibarua wao."

Mjomba Kasiani anamiliki shotgani kihalali na amewinda ndege tangu ujana wake. Alimwambia, "Shemeji, kanga humpati kwa kumfukuza na jembe. Tafuta mbwa mdogo, umlee mwenyewe, mimi nitakufundisha wewe, wewe umfundishe yeye." Tarehe 16 Novemba 2024 baba alipanda gari kwenda Mikumi, akarudi na mtoto wa mbwa wa miezi miwili ndani ya kikapu, wa kahawia, mwenye kifua cheupe, aliyepewa na Nickson, mlinzi wa nyumba ya wageni aliyekuwa jirani yake wa zamani kibandani. Alimwita Pancha, kwa sababu alipombeba mara ya kwanza alishusha pumzi ndefu ya kuchoka, fyuuu, kama tairi.

Nina daftari lake hapa. Ni daftari la shule, kurasa themanini, na baba, aliyekuwa haandiki hata orodha ya sokoni, ameandika humu karibu kila siku. Tarehe 2 Desemba ameandika, "Leo nimemwita, kaja. Nimemwita tena, kaja. Mara ya tatu kaangalia kuku." Tarehe 20 Desemba, "Amekaa bila kuinuka hesabu ya ishirini, sahani iko mbele yake." Mjomba alimfundisha kwamba mbwa wa ndege kwanza ajifunze kungoja, maana anayekimbilia kabla ya bunduki huwainua ndege wote na mwindaji anabaki kuhesabu mikia. Mlio wa bunduki walimzoesha kwa mifuniko ya sufuria, mama akigonga kutoka mbali wakati Pancha anakula, kila siku hatua mbili karibu zaidi, hadi akawa akisikia kelele anatikisa mkia akijua chakula kinakuja. Harufu walimfundisha kwa bawa la kanga lililofungwa kwenye kamba, baba akiliburuta katikati ya karanga, analificha, anamwachia. Na kubeba bila kutafuna walimfundisha kwa soksi yangu ya zamani ya shule iliyojazwa pumba, na siku Pancha alipoileta soksi mpaka mkononi bila kuitoboa, baba alinipigia simu nikiwa kwenye kipindi, nikakata, akapiga tena, nikatoka nje nikidhani kuna msiba, naye akasema, "Imani! Ana mdomo laini kama mkunga!"

Mzee wa miaka sitini na minne. Magoti yalikuwa yaleyale, lakini alikuwa anaamka na alfajiri akipiga miluzi.

Sasa narudi mezani, tarehe 9 Machi. Nilikuja likizo fupi, nikamkuta Pancha amelala chini ya kiti cha baba, nikauliza lile swali. Mama alikuwa anapakua, Oswald alikuwa kwenye simu, baba alimwangalia mjomba, na mjomba akacheka akasema, "Ooh, mwanasheria wetu kaja, leo mbwa ana kesi." Nami kwa tabia yangu, ambayo wote mnaijua, nikaiacha hoja yangu nikaikimbilia yake. Nikasema wenye kesi ni nyinyi, kanga wamewakosea nini? Baba akasema wamekula mbegu. Nikasema wao walikuwepo Kisanga kabla ya mbegu. Mjomba akasema kanga hajawahi kuweka wakili, nikasema ndiyo amemweka leo. Nikauliza kuhusu mpaka wa hifadhi, nikauliza kuhusu vibali, na baba akatoa kwenye mfuko wa shati kibali chake cha kuwinda ndege, kimefungwa kwenye nailoni, akakiweka kando ya bakuli la mboga, na meza nzima ikapiga makofi. Hata hapo sikunyamaza, niliendelea robo saa, mpaka mjomba akanyoosha mikono juu akasema, "Basi, mama, umeshinda, tule." Nilifurahi. Nilishinda, na swali pekee lililokuwa na maana nililiacha pale chini ya kiti, na sikuliuliza mara ya pili.

Siku sita baadaye, Jumamosi tarehe 15 Machi, kulikuwa na chanjo ya mbwa Kisanga. Gari la matangazo lilipita siku mbili mfululizo. Baba alimfunga Pancha kamba, akatoka naye mpaka njiani, na hapo akakutana na mjomba. Alichoambiwa ni kile ambacho wawindaji wengi wa huku wanaambiana, na wengine wenu hapa mnatikisa vichwa kwa sababu mnakiamini mpaka sasa, kwamba sindano inaua pua ya mbwa mdogo, kwamba asubiri msimu wake wa kwanza upite, ashike ndege kwanza, ndipo achanjwe. Mjomba alitoa mfano wa mbwa wake Jimi, aliyechanjwa mwaka 2023 na msimu ule hakunusa hata kwale mmoja. Mjomba, Jimi alikuwa na miaka kumi na mmoja. Pua yake ilikuwa imechoka pamoja na miguu yake na macho yake, na hata asingechanjwa asingenusa kitu. Lakini baba alikuwa mwanafunzi wako, na alikuamini kama ambavyo hajawahi kumwamini mtu, akageuka na kamba yake mkononi. Daftari linasema, "15 Machi. Chanjo baada ya msimu. K. amesema." Na chini yake, kwa herufi ndogo, "Imani aliuliza."

Kwa hiyo alilisikia.

Tarehe 21 Juni ameandika, "Bweha mmoja mchana kweupe pembeni ya karanga. Haogopi watu. Kamng'ata Pancha sikio. Nimeosha kwa maji ya chumvi." Kila nikiisoma sentensi hiyo natamani kuingia ndani ya daftari nimshike mkono. Bweha asiyeogopa watu mchana kweupe! Mtoto wa darasa la nne anayeishi karibu na hifadhi anajua bweha wa namna hiyo anaumwa. Baba alijua mataruma ya reli, alijua kila aina ya tairi linalopita Mikumi, lakini hilo hakulijua, na aliyelijua hakuwa karibu, alikuwa chuoni anafanya mazoezi ya kuongea.

Kibali chake kilianza kutumika Julai, na Jumamosi tarehe 5 Julai waliingia porini kihalali kwa mara ya kwanza, wao wawili na Pancha. Mjomba ndiye aliyetusimulia. Walikwenda mapema kabla jua halijakausha umande, kwa sababu umande ndio unaoshika harufu, na Pancha alivuka nyasi zote akiwa na adabu, mpaka mahali fulani akasimama, mguu mmoja juu, pua mbele, anatetemeka mwili mzima. Mjomba akanong'ona, "Shemeji, usimwamshe, anasoma." Kwale wawili wakaruka, mjomba akapiga, mmoja akaanguka, na Pancha akaketi. Aliketi! Akangoja mpaka alipoambiwa, akaenda, akamleta, akamweka kwenye kiatu cha baba. Mjomba anasema baba alimshika yule kwale kwa muda mrefu, akamgeuzageuza, kisha akasema, "Miaka sitini nakufuata wewe." Daftari siku hiyo lina neno moja, limeandikwa kwa kalamu nyekundu, "KWALE." Walipata ndege mara tatu zaidi mwezi ule, na kila mara, kama wawindaji wanavyofanya ili mbwa apende kazi, Pancha alipewa kichwa na shingo ya ndege kuwa fungu lake.

Na fungu hilo ndilo lililowadanganya. Jumamosi tarehe 2 Agosti Pancha hakula. Alikuwa anakwenda kwenye maji anarudi, mate yanadondoka, taya limelegea, sauti imekuwa kama ya mtu aliyekabwa. Watu wengine wangemwogopa mbwa wa hivyo, lakini wawindaji waliomlisha shingo ya kanga siku chache kabla waliona jambo moja tu, mfupa. Mjomba akamshika taya la juu na la chini akalipanua, mama akamulika kwa tochi ya simu, na baba akaingiza vidole viwili mpaka kooni, akatafuta, akatoa, akaingiza tena. "Upo upande huu," alikuwa anasema, "naugusa." Hakukuwa na mfupa wowote. Meno yalimkwaruza baba kwenye kidole cha shahada na mjomba kwenye dole gumba, mikwaruzo midogo, kama ya mwiba, na walinawa kwa maji ya ndoo wakapaka mafuta ya taa. Sabuni na maji yanayotiririka, robo saa, halafu hospitali siku ileile, hicho ndicho kilichotakiwa. Sabuni ilikuwepo, ilikuwa juu ya jiwe la kufulia, hatua tano.

Kesho yake baba alinipigia. Nilikuwa Dodoma kwenye mashindano ya midahalo ya vyuo. Akasema, "Mwanangu, Pancha hali, hanywi, mate yanamdondoka, sauti imemkauka, amekwamwa na mfupa, tumeutafuta hatuuoni," nami nikamwambia, "Baba, tunaingia nusu fainali, nitakupigia." Nilimpigia Jumatano tarehe 6. Pancha alikuwa amekufa jana yake, na walikuwa wamemzika chini ya uzio wa shamba. Simu yangu inaonyesha tuliongea dakika kumi na tisa. Nilimpa pole ya mbwa wake kwa dakika moja, na zilizobaki nilimsimulia kombe. Alinisikiliza zote, na mwishoni akasema, "Hongera, mama. Mimi nimebaki na soksi yako."

Marehemu alianza kuugua Jumapili tarehe 28 Septemba, kwa ganzi na kuwashwa kwenye kidole kile, ambacho kilikuwa kimepona zamani. Jumanne alipata homa. Jumatano tarehe 1 Oktoba mama alimpa maji ya dawa, akayapeleka mdomoni, koo likakaza, akayarusha, akamwangalia mama kwa hofu ambayo mama hajawahi kuiona katika ndoa yao, na mama akampeleka hospitali siku hiyohiyo. Daktari alimsikiliza, akaangalia kidole, akauliza swali moja, "Mzee, mna mbwa?" Nilikuwa nimeshafika kutoka chuoni, nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilielewa kila kitu kabla baba hajajibu. Daktari alitueleza kwa upole na bila kutuficha kwamba ugonjwa huu ukishaanza kuonekana hauna dawa, lakini kabla haujaonekana unazuilika, hata wiki nyingi zikiwa zimepita tangu kung'atwa. Ijumaa walituchoma chanjo sisi wote tuliomhudumia, mama, Oswald, Lea na mimi, na wakaandika jina la Kasiani kwenye orodha, wakamsubiri. Alifika mpaka kwenye ngazi za wodi, akageuka.

Baba alikuwa na vipindi vya kutulia. Katika kimoja aliniuliza kama mjomba amekuja. Nikamwambia amefika ngazini. Akafumba macho, akasema, "Anaogopa kuniona. Mwambieni aingie tu." Alifariki Jumamosi, tarehe 4 Oktoba 2025, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, miezi saba na siku ishirini.

Mjomba kwa siku mbili alikuwa anawaambia watu, "Kama ni mbwa, mbona mimi mzima?" Nilimjibu kwa sayansi, nilimjibu kwa hasira, nilimwambia ugonjwa huu hauna ratiba, mwingine unamchukua wiki tano, mwingine miezi mitano. Hakuna kilichoingia. Jana mchana nilikwenda makaburini kuwapelekea wachimbaji maji, nikamkuta yeye ndani ya shimo, amekataa kupokelewa sururu. Nikampa kikombe. Alikunywa, nami nikawa namwangalia koo, kama linashuka. Akaniona.

"Unanichungulia nikimeza?"

"Ndiyo, mjomba."

Akanirudishia kikombe, akasema taratibu, vijana wasisikie, "Imani, nikikubali hiyo sindano nimekubali ni mbwa. Na kama ni mbwa, ni mimi."

Nimeshiriki midahalo tangu kidato cha tatu, na jana nilichofanya ni kukisuuza kikombe. Niliondoka na ndoo yangu. Jibu limenijia leo asubuhi wakati naandika, na nalitoa mbele ya watu kwa sababu lawama uliyojipa umejipa mbele ya watu.

Mjomba, wewe ulisema wasubiri msimu, ni kweli, na nina hasira na wewe, sitadanganya mbele ya jeneza. Lakini baba alikuwa na kamba mkononi na akageuka kwa miguu yake mwenyewe. Mama alimulika tochi. Oswald alikuwa mezani. Nami niliuliza swali mara moja, nikapewa ushindi kwa jingine, nikatosheka, na aliponipigia simu kunieleza dalili moja baada ya nyingine, mtu pekee katika familia ambaye angezitambua alikuwa na haraka. Lawama hii ina watu wengi ndani yake, nawe huna haki ya kuibeba yote peke yako, wala ya kufa nayo ili sisi tubaki tumesafika. Na mwenye haki ya kukuhukumu alisema uingie tu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia baba kwa utu bila kumwogopa, wakampunguzia maumivu na wakatuambia ukweli. Majirani wa Mabwerebwere mliopika, mlioteka maji na kutandika turubai kabla hatujaomba. Wana Kisanga mliokuja na magunia ya mahindi. Wenzake wa reli mliobeba jeneza kwa hatua zilezile za gengi, kikosi chenu cha njia. Na wewe Nickson pamoja na mafundi wa barabarani Mikumi, mliofunga vibanda leo. Nickson, mbwa uliyempa baba alimpa mwaka mzuri kuliko yote niliyoiona, usijilaumu. Afisa mifugo ameniahidi kurudi Kisanga Jumamosi hii na chanjo, pua za mbwa wenu hazitapungua kitu.

Baba, umetembea vya kutosha, lala sasa kwa amani ya Bwana. Nilikuwa na deni la kukusikiliza, nalilia.

Mjomba Kasiani, gari la Oswald limeegeshwa nyuma ya turubai, na muuguzi wa chanjo yuko zamu hadi saa kumi jioni. Tukishamaliza kuweka mashada, usiende kwenye chakula. Panda gari, mimi nitakaa pembeni yako, na sitaongea njia nzima. Tafadhali, mjomba, naomba twende.